Kusomea mtihani wa vitendo wa NSX ukiwa Mbeya au Iringa: maabara ya bure mtandaoni, mashine yenu wenyewe, au ya kukodi?

Ugonile kwa wa Mbeya, kamwene kwa wa Iringa na Njombe.

Kuna mdogo wangu anamalizia chuo hapa Iyunga, juzi kaniuliza swali ambalo mwaka huu nimeshaulizwa mara kadhaa, kaka nataka kusomea ile mitihani ya vitendo ya NSX, ile programu ya VMware ya kujenga mtandao ndani ya kompyuta bila swichi na ruta za chuma, ile mitihani ambayo hamna kuchagua A, B, C, unapewa mazingira mazima ya mtandao unaambiwa jenga hiki, rekebisha kile, sasa laptopu yangu ina RAM GB 8 na hela ya maana sina, naanzia wapi? Nikaanza kumjibu kwa meseji nikaona inakuwa gazeti, kwahiyo naandika yote kwa pamoja ili na mwingine aliyeko huku nyanda za juu mwenye swali kama hilo achague vizuri kabla hajatoa hela.

Kwanza mtihani wenyewe. Nazungumzia ngazi ya VCAP, cheti cha juu cha VMware, kwenye upande wa mtandao, ambayo wakubwa zetu waliianza enzi za cheti cha VCIX-NV. VCP ya kawaida, cheti kilicho chini yake, ni maswali ya kuchagua na ilikuwa dola 250, VCAP ilikuwa dola 450, yaani zaidi ya milioni moja ya kwetu kabla hujahesabu nauli. Alama zinatoka 100 mpaka 500 na ukifika 300 umepasi. Nilivyoufanya mimi, unakaa zaidi ya saa tatu mbele ya skrini moja inayokupeleka kwenye mashine zilizo mbali, na kinachosahihishwa ni hali uliyoiacha kwenye mfumo, kwahiyo madesa ya kukariri hayakusaidii kabisa, mikono ndo inafanya pepa. Alafu jambo moja la muhimu, Broadcom aliinunua VMware Novemba 2023 na tangu hapo orodha ya mitihani na majina yake vimekuwa vikibadilika, hivyo kabla hujalipa ingia kwenye ukurasa wao wa vyeti uone mtihani unaoutaka bado upo, bado ni wa vitendo, na unatumia toleo gani la NSX. Tumeona watu wanasomea toleo ambalo limeshastaafu.

Sasa njia ziko tatu kubwa na moja ndogo, na mi nazipima kwa vitu vinne: hela, umeme, intaneti, na cha nne ambacho kwangu kinazidi vyote, ukiharibu nani anarekebisha. Hicho cha nne nitakirudia mara nyingi, mnisamehe, ila ndo kilichonigharimu.

Njia ya kwanza ni Hands-on Labs, maabara za VMware wenyewe zilizoko mtandaoni na ni bure. Unajisajili, unafungua kwenye brauza, unasubiri dakika kadhaa unakuta hosti za ESXi zipo (zinazobeba mashine nyingine ndani yake), vCenter inayozisimamia ipo, NSX Manager, yaani ubongo wa NSX, ipo, Edge zinazoutoa mtandao nje zipo, vyote vimeshaunganishwa, na pembeni kuna mwongozo unakwambia bonyeza hapa andika hivi. Kwa mtu ambaye hajawahi kuiona NSX kwa macho yake hamna kinachoifikia hii hata kama una hela za kununua seva tatu, maana hapa ndani ya jioni moja unakuwa umeshagusa segmenti (mitandao midogo ya ndani), ruta ya Tier-0 ya kutokea nje, ruta za Tier-1 za ndani, sheria za fayawoli na mengine ambayo ukiyasoma kwenye PDF tu yanabaki maneno. Hutafuti leseni, hutafuti mashine, unatafuta bando na utulivu.

Intaneti ya huku inatosha. Kinachosafiri ni picha ya skrini, na mimi nimeifanya kwa simu ya kawaida ya 4G nikiwa Forest hapa Mbeya, usiku baada ya saa nne mambo yanakuwa mepesi zaidi. Kuna kuchelewa kidogo kila unapobonyeza kwa sababu mashine ziko mbali sana na Mbeya, wengi wanalalamikia hilo, mi nalihesabu kuwa faida tena kubwa, kwa sababu kwenye mtihani nako unaendesha mashine iliyo mbali kupitia skrini ndogo yenye madirisha mengi, na mtu aliyezoea mashine yake ya nyumbani inayoitikia papo hapo anafika pale anapoteza uvumilivu, anabonyeza mara mbili mbili, anaanzisha kitu kile kile mara mbili. Enzi za mitihani ya VCAP6 watahiniwa walikuwa wanaonywa kabisa kwamba vitufe vya Ctrl, Alt na Backspace havifanyi kazi ndani ya mtihani. Ukishazoea skrini nzito hapo nyumbani, siku ya mtihani moyo unatulia.

Udhaifu wake ni kwamba ina saa, muda ukiisha kila kitu kinafutwa. Hamna kuhifadhi. Kesho unaanza upya kwenye mazingira safi ambayo mtu mwingine kakuandalia, hujawahi kusimamisha NSX Manager kutoka sifuri, hujawahi kuhangaika na DNS iliyokosewa, hujawahi kuandaa hosti ikagoma. Ukiharibu unafunga unafungua nyingine, tatizo limeondoka bila wewe kuligusa.

Mimi mara ya kwanza nilienda na hiyo tu. Miezi mitatu ya Hands-on Labs, nilizifanya za NSX zote nilizozipata, nyingine mara tatu tatu, nikapanda basi kutoka hapa mpaka Dar, nikafika nimechoka, kesho yake nikaingia chumba cha mtihani, nikapata 261. Maswali sisemi kwa sababu unasaini kutunza siri na naheshimu nilichosaini, lakini kilichonikwamisha naweza kukisema kwa sababu ni changu: mikono yangu ilizoea kukuta vitu vinafanya kazi. Mahali ambapo kitu hakifanyi kazi sikujua nianze kuangalia wapi, nikawa nazunguka kwenye menyu dakika zinaisha. Iliniuma sana kwa sababu ilikuwa hela ya akiba ya nusu mwaka.

Ambacho ningefanya tofauti hata bila senti ya ziada ni hiki. Ukishamaliza mwongozo mara moja, fungua maabara ile ile tena, ufunge mwongozo, alafu haribu kwa makusudi. Ingia Tier-1 zima utangazaji wa njia za segmenti. Ingia Tier-0 ondoa usambazaji wa njia kwenye BGP, ile itifaki ya ruta kuambiana njia. Badilisha namba ya AS ya ruta jirani, yaani utambulisho wake kwenye BGP. Weka sheria ya fayawoli ya kukataa alafu uielekeze kwenye kundi lisilo sahihi. Nenda kanywe chai, rudi, jifanye hujui aliyeharibu, tafuta. Mazingira yale ni kamili na hakuna anayekuzuia kutoka nje ya mwongozo, ni sisi tu tunafuata hatua kama wanafunzi wa msingi.

Njia ya pili ni mashine yenu wenyewe, na nasema yenu kwa sababu kununua peke yako kwa kipato cha huku naona si sawa. Baada ya kufeli tulikaa watatu, mi, rafiki yangu mmoja wa Soweto ya hapa Mbeya na mwingine yuko Iringa maeneo ya Kihesa, tukachanga. Tulichukua HP Z440 iliyotumika kutoka Kariakoo, ina prosesa moja ya Xeon E5-2680 v4 yenye kori 14, ikaja na RAM GB 32, shilingi 1,150,000. Tukaongeza RAM mpaka 128 kwa 480,000, SSD ya TB 2 kwa 320,000, na UPS kwa 250,000. Jumla 2,200,000, kila mtu kama 733,000. Bado ni nusu tu ya habari, lakini angalia hiyo ni chini ya ada ya mtihani mmoja.

Kwanini RAM yote hiyo? Hesabu mwenyewe. NSX Manager ya saizi ndogo, ambayo VMware wanaiweka kwa ajili ya maabara, inataka vCPU 4 na GB 16. vCenter 8 ile ndogo kabisa inataka GB 14. Edge mbili za saizi ya kati ni GB 8 kila moja. Hosti tatu za ESXi zinazokaa ndani ya hosti kubwa, kila moja GB 16 ili iweze kubeba mashine ndogo za majaribio, hapo 48. Ongeza ruta ya VyOS ya kuzungumza BGP na Tier-0, na Linux moja ya DNS na saa. Umefika kama 96 na bado hosti mama nayo inataka ya kwake. Mwenye 64 anaweza kujibana kwa hosti mbili za ndani na Edge ndogo za GB 4, inafanya kazi, tumeshajaribu, ila utakuwa unazima hiki ili uwashe kile na hiyo inakula muda wa kusoma. Chini ya 64 usijiumize, baki kwenye Hands-on Labs. Na kabla hujalipia prosesa yoyote ya zamani, linganisha na orodha ya prosesa ambazo toleo lako la ESXi linazikubali, na kwa ajili ya Edge hakikisha ina AES-NI na inaweza kurasa kubwa za kumbukumbu za GB 1, Edge ikikosa hizo haiwaki.

Kwa hosti mama, ESXi ya bure iliondolewa Februari 2024 ikarudishwa Aprili 2025 na toleo la 8.0 U3e, haiungani na vCenter na kila mashine ndani yake inaishia vCPU 8, kwa kazi hii vinatosha kwa sababu vCenter yako inasimamia hosti za ndani, ya nje unaiacha ilivyo. Au weka Windows na VMware Workstation Pro, ambayo tangu Novemba 2024 ni bure kwa kila mtu.

Sasa nije kwenye utajiri wa njia hii. Wiki ya kwanza tulisimamisha kila kitu, tuneli zote kwenye NSX Manager zikawa kijani, ping kutoka mashine ya hosti moja kwenda ya hosti nyingine inapita, tukafurahi, tukaweka seva ndogo ya wavuti ndani, ukurasa haufunguki. Ping inapita, ukurasa haufunguki. Jioni mbili tumekaa hapo. Tumefuta sheria za fayawoli zote, tumejenga segmenti upya, wapi. Kumbe swichi ya hosti mama tulikuwa tumeiacha MTU, ukubwa wa mwisho wa pakiti, 1500, na Geneve, aina ya tuneli ambayo NSX inafungia pakiti ndani yake, inaongeza vichwa vyake juu ya kila pakiti kwahiyo mtandao wa chini lazima ubebe angalau 1600. Pakiti ndogo zinapita, na zile za BFD zinazopima uhai wa tuneli ni ndogo ndo maana kijani ipo, pakiti kubwa za ukurasa zinakufa kimya kimya. Amri iliyotuonyesha ni vmkping ++netstack=vxlan -d -s 1572 na anwani ya TEP, yaani ncha ya tuneli, ya upande wa pili, hiyo 1572 ni 1600 ukitoa 28 za vichwa vya IP na ICMP, na jina vxlan limebaki hapo tangu enzi za NSX ya zamani hata kama sahivi kinachopita ni Geneve. Hiyo amri sitaisahau mpaka nazeeka. Kwenye Hands-on Labs hamna siku ungekutana na hilo maana MTU wameshakuwekea.

Siku nyingine Edge ilikuwa juu ya hosti ambayo nayo imeandaliwa kwa NSX, TEP ya Edge na TEP ya hosti tukaziweka VLAN moja, tuneli kati yao hazikusimama kabisa. Kuanzia NSX-T 3.1 inawezekana kuzichanganya VLAN moja, ila Edge lazima ipandie segmenti za VLAN za NSX yenyewe, ikipandia kundi la kawaida la swichi inabidi VLAN ziwe mbili na kuwe na ruta katikati. Ukilisoma hilo kwenye nyaraka linapita tu kama gari la mizigo barabara ya Tunduma. Likikukuta saa tano usiku linakaa.

Na nyingine za kawaida kwa mashine ya ndani ya mashine: kwenye hosti mama lazima uruhusu hali ya kupokea pakiti zote na utumaji wenye MAC tofauti, bila hivyo mashine za ndani kabisa zinakuwa bubu. DNS iende pande zote mbili, jina kwenda namba na namba kwenda jina, vCenter haisamehi. Saa za mashine zote zilingane.

Gharama zilizojificha ziko mbili, leseni na umeme.

Leseni ndo ukuta mkubwa sahivi na sitaki kumdanganya mtu. vCenter na ESXi zinakuja na siku 60 za majaribio ndani yake, ila zamani ukilipia uanachama wa VMUG Advantage, wa chama cha watumiaji wa VMware, karibu dola 200 kwa mwaka, ulipewa leseni za maabara pamoja na NSX na maisha yanaendelea, sasa tangu mwishoni mwa 2024 uanachama peke yake hautoshi, lazima uwe umeshapasi VCP inayokubalika ndo upewe. Maana yake mashine ya nyumbani ni njia ya mtu ambaye VCP anayo tayari au kazini kwao wana leseni na bosi ameruhusu kwa maandishi. Ukiwa mwanafunzi ambaye huna VCP, usinunue mashine kwanza, piga VCP kwa kutumia Hands-on Labs alafu ndo uje huku. Na hizo funguo zinazozunguka kwenye magrupu ya simu achana nazo, unataka cheti cha kukutambulisha kuwa mtu wa kuaminika kwenye mitandao ya watu, usianze kwa kuiba.

Umeme. Mashine yetu ikiwa na kazi inakula kama wati 160, tuliipima. Ukiiwasha saa tano kwa siku ni uniti 24 kwa mwezi, kwa bei ambayo elfu moja ya LUKU inakupa uniti kama 2.8 hiyo ni kama 8,600. Ukiiacha usiku na mchana ni uniti 115, elfu 41 na ushee. Lakini wenye umeme wa bei nafuu wa matumizi madogo, ule ambao mwisho ni uniti 75 kwa mwezi, waangalie sana, kwa sababu mashine ikiwashwa muda wote inazidisha peke yake na nyumba nzima inahamishiwa bei ya juu, alafu utakuwa na kesi na mama mwenye nyumba. Sisi tuliiweka kwenye nyumba ambayo tayari iko bei ya kawaida, na inazimwa kila mtu akimaliza zamu.

Kukatika kwa umeme ndo kulikotufundisha kununua UPS, maana mwanzo hatukuwa nayo. Umeme ulikatika katikati ya mvua za Januari, ukarudi, ukakatika, NSX Manager ilivyowaka ikawa inasoma tu haiandiki, databesi yake haikuamka vizuri, tukaisimamisha upya kwa siku nzima na hatukuwa na bakapu. Sasa tuna SFTP kwenye ile Linux ndogo na NSX inatupa bakapu huko kila usiku, na tumeshafanya zoezi la kuirudisha kutoka kwenye bakapu mara mbili, ambalo lenyewe ni somo. Radi za huku nazo mnazijua, wingu likianza kushuka mlima Loleza tunazima na kuchomoa waya. Kwa upande mwingine baridi ya Mbeya ni neema, Juni na Julai hiyo mashine inakaa chumba cha kawaida bila feni ya ziada, ingekuwa Dar ungelipia AC.

Kugawana watatu kunawezekana. Wa Iringa anaingia kwa Tailscale, VPN ya kuunganisha mashine zilizo mbali, kwa sababu intaneti ya nyumbani haina IP ya umma, na anasema inakwenda vizuri kuliko Hands-on Labs. Kila mtu ana siku zake mbili na Jumapili ni ya kuharibiana: mmoja anavunja vitu vitatu bila kusema, mwingine anapewa saa moja na nusu avipate. Hicho ndo kitu ambacho hakuna maabara ya mtandaoni itakupa, binadamu mwenzio anayejua udhaifu wako na anakuvunjia pale pale. Mara ya pili nilivyoingia kwenye mtihani nilipasi, na nina hakika ni kwa ajili ya hizo Jumapili.

Njia ya tatu ni kukodi seva nzima Ulaya kwa mwezi. Nilifanya hivyo mwezi mmoja kabla ya mtihani wa pili kwa sababu zamu zetu zilikuwa zinagongana, niliipata ya GB 128 kwa kama dola 55. Umeme si tatizo lako tena, na mafaili ya vCenter na NSX ambayo ni magigabaiti mengi, ukiyashusha kwa bando la Mbeya unaomba Mungu yasikatike njiani, kule yanashuka kwa dakika chache. Kutoka hapa nilikuwa napata kama milisekunde 180, inavumilika kabisa. Ila unapewa IP moja, lazima uanze na ruta ndogo ndani na VPN kabla hujagusa NSX, na kampuni nyingi za kukodisha zinafunga MAC wasizozijua, ukiunganisha mashine za ndani moja kwa moja kwenye kadi yao unaandikiwa barua ya onyo. Leseni bado ni shida ile ile. Na inakatwa kila mwezi kwenye kadi uisome usiisome. Kwa mwaka mzima imeshazidi mchango wangu kwenye mashine, kwa mwezi mmoja ilikuwa hela niliyotumia vizuri. Zile za klaudi kubwa za kulipa kwa saa sizishauri, seva nzima kule ni ghali na ukisahau kuzima wikiendi moja umeumia.

Kuna hiyo ndogo niliyoisema, kwa ajili ya dogo wa GB 8. Nicira, kampuni iliyoanzishwa 2007 na watu wa Stanford na Berkeley, akiwemo Martin Casado, ndo iliyozaa Open vSwitch, swichi ya programu tupu, na VMware waliinunua 2012 kwa dola kama bilioni 1.26, NSX ikatoka humo. Open vSwitch ni bure na inakaa kwenye Linux yoyote. Tengeneza mashine mbili za GB 1 kwenye laptopu yako, weka Open vSwitch kila upande, jenga tuneli ya Geneve kati yake, fungua Wireshark, programu ya kuangalia pakiti, uchuje UDP 6081 uone pakiti ndani ya pakiti kwa macho yako, alafu weka FRRouting, programu ya ruta ya bure, ufanye BGP kati ya hizo mbili. Haitakufundisha menyu za NSX hata moja. Itakufundisha nini kinapita chini ya hizo menyu, kwanini VLAN iliishia 4094 na mitandao ya Geneve ikafika zaidi ya milioni 16, kwanini ile 1600. Gharama ni sifuri na inafanyika hata umeme ukiwa umekata, betri ya laptopu inatosha. Ningekuwa nimeanza hapo, zile jioni mbili za MTU zingekuwa dakika kumi.

Kwahiyo mdogo wangu wa Iyunga nimemwambia hivi: wiki tatu za Open vSwitch kwenye hiyo hiyo laptopu, usiongeze hata RAM, alafu Hands-on Labs mpaka VCP, na kuanzia mara ya pili kila maabara uifanye bila mwongozo. VCP ikishapatikana atafute wenzake wawili wenye nia, wa chuo cha MUST hapo au hata wa Iringa na Njombe, umbali si kitu, wachange. Mwenye kazi na mshahara ambaye mtihani uko ndani ya miezi miwili na leseni ameshapata, huyo akodi tu, kukusanya mashine, RAM na UPS kutamla mwezi mzima ambao hana. Na mwenye VCP, leseni, na muda wa nusu mwaka au zaidi, huyo mashine ya kuchanga bila kufikiria mara mbili.

Kuhusu safari, ukipangiwa kituo cha Dar, nenda siku mbili kabla. Basi la kushuka Kitonga na kupita Mikumi linakuacha mwili umevunjika, saa tatu za skrini nzito zinataka kichwa kilicholala. Mara ya pili nilifika Jumanne, mtihani Alhamisi, Jumatano nilikaa tu.

Mwenzetu wa Kihesa ndo amebaki, mtihani wake ni mwezi ujao. Tumemwachia mashine siku zote saba, na Jumapili tunamvunjia mbili kwa mpigo.